Kura Ambayo Chepchumba Hakuitamka

Johana alipigwa siku ya Madaraka, mchana kweupe, watoto wa shule wakiwa bado wanaimba uwanjani. Mkewe, Chepchumba, alizisikia nyimbo na mapigo kwa pamoja, kwa sababu senta yetu ni ndogo na nyuma ya maduka si mbali na uwanja. Alipofika, vijana wa chama walikuwa wameshamwangusha kwenye matope ya karibu na kinu cha kusaga mahindi, na mmoja wao alikuwa anampiga mbavuni kwa mti uliokuwa umebeba bendera asubuhi ile.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Miezi michache kabla ya hapo watu walikuwa wamepiga kura ya mlolongo, ile ya kusimama nyuma ya picha ya mtu unayemtaka. Mstari aliosimama Johana ulitoka uwanjani, ukapita kanisa, ukateremka hadi mtoni. Mstari wa pili ungeweza kujikinga mvua wote chini ya paa la duka moja. Jioni afisa alitangaza kwamba mstari mfupi umeshinda, na watu wakaenda nyumbani kukamua ng'ombe. Johana naye alinyamaza, mpaka siku hiyo ya Madaraka, yule mshindi alipokuja kuwa mgeni wa heshima na kuwashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi kumchagua. Johana alisimama akasema, kwa sauti isiyo ya hasira, "Bwana, wingi ulikuwa huku kwetu. Huko kwako kulikuwa na wachache."

Watu walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Alibebwa nyumbani juu ya mlango wa choo uliong'olewa bawaba. Mmoja wa waliombeba alikuwa Kipruto, mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyelia njia nzima bila kuficha machozi. Johana hakupona. Alikohoa damu, akakonda, akawa wa kukaa juani kando ya shamba lake la majani chai akiwatazama wengine wakichuma, na kabla ya Jamhuri ya mwaka uliofuata tulimzika.

Chepchumba, binti zake wakiwa wameshaolewa mbali, alibaki na ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wawili, na wazo moja ambalo hakuna mtu angeweza kulitoa kichwani mwake. Aliwaambia wanawake wa kwaya: "Kura ikionekana ina mgongo. Na mgongo hupigwa."

Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, mkali kwa mbuzi za jirani, mpole kwa wagonjwa, na mtu wa utani hata matangani. Hakusoma shule. Wakati wasichana wa rika lake wachache walipopelekwa kwa wamisheni, yeye aliachwa nyumbani na ndama. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wengine, na ikiwa mtu alimnong'oneza kwamba kimepinduka, alijibu, "Mungu anakisomea upande wa juu."

Mwaka wa tisini na mbili ukaja na vyama vingi. Redio ilisema mlolongo umekufa na kura itakuwa ya siri tena. Chepchumba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda kujiandikisha. Karani alimwomba atie sahihi. Akatoa kidole gumba.

"Aa, wewe utasaidiwa," karani akasema.

"Kusaidiwa namna gani?"

"Siku ya kura utamwambia afisa jina la mtu unayemtaka, yeye atakuwekea alama."

"Nitamwambia sikioni?"

Karani alicheka. "Kwa sauti, mama. Mawakala wa vyama lazima wasikie, ndiyo wasiseme umeibiwa."

Sheria yenyewe ilikuwa na lugha nyingine. Ilisema asiyeweza kuweka alama anaweza kuomba msaada. Lakini kwetu kilichotangazwa makanisani na sokoni ni kwamba asiyejua kusoma lazima asaidiwe, na waliotangaza walijua walichokifanya, maana wasiojua kusoma kwetu walikuwa zaidi ya nusu. Chepchumba alirudi nyumbani na kadi yake ya kura ikiwa ndani ya kitambaa kifuani, akiwa ameelewa vizuri. Mlolongo haukuwa umekufa. Ulikuwa umehamia mdomoni.

Jumatatu iliyofuata alijiunga na gumbaru.

Darasa hilo la watu wazima lilifanyika kanisani saa za alasiri, baada ya majani kupimwa, na mwalimu wake alikuwa Mellen, mwanamke Mkisii ambaye mumewe, Omwenga, alikuwa seremala hapo senta. Walikuwa wamenunua kipande cha ardhi kando ya shamba la Chepchumba miaka kumi kabla ya hapo. Milango na madirisha ya nusu ya nyumba zetu yalitoka mikononi mwa Omwenga, na hata jeneza la Johana.

"Mama Chepchumba, hii ni nini?" Mellen aliuliza akionyesha ubao.

"Hiyo ni jembe limevunjika mpini."

"Ni herufi L."

"Basi L alime na mkono."

Wenzake walicheka hadi wengine wakajifuta machozi. Lakini Chepchumba hakukosa siku. Alisoma makopo ya mafuta ya kupikia, alisoma magunia ya mbolea, alisoma maneno yaliyochorwa ukutani mwa choo cha soko na kusema afadhali angebaki mjinga. Kufika Novemba aliweza kulisoma jina lake, na majina ya wagombea yaliyobandikwa kwenye miti, polepole, silabi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

Miezi hiyohiyo nyumba zilianza kuungua. Kwanza tulisikia ni mbali, kisha tukaona moshi wenyewe ng'ambo ya mabonde, upande wa mpaka na Wakisii. Neno lililosikika kila mahali lilikuwa madoadoa, yaani watu wa makabila mengine waliokaa kati yetu. Madoadoa yaondolewe kabla ya kura. Watu waliouziana ndama na kubatiziana watoto waliacha kusalimiana. Usiku mmoja duka la Priscillah Mwihaki, mama kutoka Murang'a aliyetuuzia mafuta ya taa na sare za shule, lilivunjwa na kuchomwa, naye akaondoka na blanketi alilojifunika na hajarudi tena hadi leo.

Kipruto sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alikuwa mkubwa wa vijana wa chama hapo senta. Watu wengi hawakuelewa ilikuwaje yule aliyembeba Johana akivuja damu akaja kuvaa shati la chama. Nadhani ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Wakubwa wake walimwambia, "Upinzani hapa unatoka kwenu, kwa kina Johana. Tuonyeshe wewe ni wa upande gani." Tangu siku hiyo hakuacha kuonyesha. Na katika ukoo mzima wa Johana alikuwa amebakia mtu mmoja tu ambaye kura yake hakuna aliyeweza kuijua kabla.

Siku ya Jamhuri uwanja ulijaa. Maduka yalifungwa kwa amri, wanawake wakapangwa mbele kuimba, na juu ya jukwaa kilitundikwa kitambaa kirefu cheupe chenye maandishi mekundu. Baada ya hotuba kusomwa, mzee mmoja wa chama alichukua kipaza sauti.

"Akina mama, wazee, siku ya kura hatutaki fujo. Wale hawajui kusoma watasaidiwa. Hebu inueni mkono tuwaone, ndiyo tupange wasaidizi wa kutosha."

Mikono ikainuka kila upande. Wengine waliinua kwa sababu hawakujua kusoma, wengine kwa sababu waliokaa kando yao waliinua, na nina hakika wako waliojua kusoma vizuri ambao waliinua kwa woga. Chepchumba aliiacha mikono yake magotini.

Kipruto akapita kati ya wanawake mpaka aliposimama mbele yake.

"Mama, inua mkono."

"Mkono wangu umefanya nini?"

"Wale hawajui kusoma ndio wanainua."

"Mimi najua."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, akimwita nyanya, "Kogo anajua kusoma chai!"

"Majani mawili na kichipukizi!" mwingine akajibu, na uwanja ukacheka.

Kipruto naye alicheka kidogo, kisha akaona wakubwa wake jukwaani wanamtazama. Akaacha. Akaonyesha kile kitambaa. "Haya. Soma ile."

Chepchumba alisimama. Alikunja macho kwa sababu ya jua. "Mi-a-ka," akasema. "I-shi-ri-ni na ti-sa. Ya. U-hu-ru." Akayasoma maandishi yote tena kwa pamoja, haraka zaidi, kisha akaongeza, "Uhuru wa nani, hapo hawajaandika."

Kicheko kilichotoka safari hii kilitoka tumboni. Wazee walijishika mbavu. Hata wanawake wa kwaya waliokuwa wamesimama tayari kuimba walishindwa kuanza. Kipruto alibaki amesimama katikati ya kicheko hicho, na mshipa wa shingo yake ulionekana ukipiga.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

Kwetu kuna adabu moja ya zamani: ukisifiwa kwa kazi, ukiwa umesuka kapu zuri au umetengeneza maziwa ya mursik yasiyo na kasoro, humshukuru anayekusifu. Humtaja aliyekufundisha, hata kama amekufa. Kukaa na sifa peke yako ni wizi. Chepchumba alikuwa amelelewa hivyo, na wakati ule, watu wakiwa bado wanamcheka mkubwa wa vijana kwa ajili yake, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu mumewe afe. Alijibu kwa sauti yake nene, iliyofika jukwaani bila kipaza sauti.

"Ni Mwalimu Mellen. Mke wa Omwenga."

Alilijua kosa lake kabla hajakaa. Watu walioketi karibu naye waliacha kucheka, mmoja mmoja.

Kipruto na vijana wake walikwenda kwa Omwenga alasiri ileile. Hawakungoja giza. Walitoka uwanjani wakiwa wamekunywa, na mikononi mwao sasa kulikuwa na pinde, marungu na dumu la petroli. Omwenga aliwasikia akatoka hadi langoni, akiwa na randa mkononi maana alikuwa kazini, sikukuu au si sikukuu. Aliwasalimia kwa Kipsigis, lugha yetu. Aliwaita baadhi yao kwa majina. "Vijana, kuna nini? Kujeni tuongee." Mshale ulimwingia chini ya kwapa. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akaushika kwa mikono miwili, akaanza kuita mkewe.

Mellen alikuwa ndani na watoto watatu. Alifunga mlango. Mlango ulikuwa imara, wa mbao ngumu, mumewe ndiye aliyeutengeneza. Wakaanza kumwaga petroli kwenye kizingiti.

Chepchumba alikuja akikimbia kupitia katikati ya chai. Matawi yalikuwa yamemchana miguu ikavuja damu. Mkononi alikuwa na leketiet, mshipi wa ngozi ulioshonewa kauri ambao mama yake alimfunga kiunoni alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Kanisa lilikuwa limewaambia wanawake wachome mishipi hiyo. Wengi walichoma. Wengine walisema wamechoma.

Kila kijana aliyekuwa pale alijua mshipi ule ni nini. Mama akiutupa chini kati ya watu wanaopigana, vita vimekwisha. Hakuna mwanamume anayeuvuka, kwa kuwa anayeuvuka amekanyaga tumbo lililomzaa, na hatakuwa na mtoto, wala ng'ombe, wala mtu wa kumzika.

Aliutupa mbele ya mlango.

"Vukeni," akasema. Alikuwa anahema. "Mimi ni mama yenu. Vukeni."

Walisimama. Yule mwenye dumu alirudi nyuma akalificha mgongoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Mwingine alitupa rungu lake kwenye nyasi. "Hii sasa si mchezo," akasema, "mimi naenda." Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuondoka, bila kutazamana, wakimpita Omwenga aliyekuwa bado anaita.

"Rudini!" Kipruto akapiga kelele. "Nyinyi ni wanaume ama ni nini? Rudini!"

Hakuna aliyerudi. Akabaki yeye na Chepchumba na mshipi chini.

"Weri," Chepchumba akamwambia, kwa neno la kumwita mtoto wa kiume, "nenda nyumbani. Wewe ulimbeba baba yako mdogo."

Labda kama asingemkumbusha hilo angekwenda. Kipruto aliuvuka mshipi. Aliuvuka kwa hatua moja ndefu, macho yakiwa yamemtoka, akamshika Chepchumba mkono wa kulia, akaulaza juu ya kizingiti kilicholoa petroli.

"Utaandika na nini sasa?" akasema. "Eh? Utasoma, lakini utaandika na nini?"

Alipiga kwa rungu. Mellen, aliyekuwa upande wa pili wa ule mlango, alisikia mifupa. Alipiga tena, na tena, mpaka vidole havikuwa na umbo. Kisha alikimbia. Aliacha rungu pale pale.

Mellen alifungua mlango. Wanawake hao wawili, mmoja akiwa na mkono ulioning'inia, walimburuta Omwenga hadi barabarani, watoto wakifuata. Lori la kubebea majani chai lilisimama. Dereva, mzee Gibson, alitazama mara moja tu, akasema, "Pandisheni, haraka, kabla sijafikiria." Walimlaza juu ya magunia yaliyojaa. Omwenga alikufa kabla hawajafika hospitali ya Kapkatet, akiwa amelalia majani mabichi. Nyuma yao moshi ulikuwa umeanza kupanda, kwa maana mtu alirudi baadaye na kiberiti. Mellen alishuka hospitalini na maiti ya mumewe, na kutoka hapo akaenda kwao ng'ambo ya Chepilat, soko la mpakani. Kadi yake ya kura, ya kupigia pale kwetu, ilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Mwalimu aliyewafundisha watu kumi na wawili kusoma majina ya wagombea hakupiga kura mwaka ule.

Hospitalini walimwekea Chepchumba plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alipoulizwa nani alimfanya hivyo, alisema, "Mtoto wetu." Hakusema zaidi, na ukoo ulipokuja kumwomba anyamaze alikuwa ameshanyamaza. Alirudi nyumbani. Asubuhi ya tatu tulimwona shambani na kapu mgongoni.

Mtu asiyejua chai angeshangaa. Lakini mchumaji hachumi kwa mkono mmoja. Mikono miwili hucheza juu ya kichaka, wa kulia na wa kushoto, sawasawa, kila mmoja ukivunja vichipukizi vyake na kutupa nyuma ya bega. Chepchumba alikuwa amechuma hivyo tangu akiwa msichana kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Siku hiyo alichuma kwa kushoto peke yake, akisaga meno kwa maumivu. Jioni, mbele ya moto, alichukua kipande cha mkaa akaanza kuchora alama ya X kwenye ukuta wa jikoni. Za kwanza zilikuwa kama miguu ya kuku. Alichora hadi ukuta ukaisha, akaufuta kwa tambara lililoloa, akachora tena.

Asubuhi ya siku ya kura ilikuwa ya baridi, yenye umande mzito. Foleni ilianzia kwenye darasa la shule ya msingi ikazunguka uwanja. Vijana wa chama walisimama langoni na fimbo, wakisalimia watu kwa kuwakumbusha. "Mzee, unajua nyumbani ni wapi, si ndiyo?" "Mama, watoto wako wazima?" Mzee mmoja aliyejifanya hasikii alipigwa kofi mpaka kofia ikaruka, akaiokota, akarudi mahali pake kwenye foleni.

Ndani ya darasa, kwenye dawati la mawakala, alikaa Kipruto. Alikuwa amepungua mwili. Tangu siku ile ya Jamhuri hakuna kijana aliyekula naye sahani moja. Walimtii kwa sababu ya wakubwa wake, lakini akiketi kwenye benchi walihamia jingine, na mchumba wake alikuwa amevunja uchumba.

Chepchumba aliingia, akatoa kadi yake kwa mkono wa kushoto. Afisa wa kura, kijana mgeni aliyetoka wilaya nyingine, aliangalia kadi, kisha plasta.

"Huyu asaidiwe," Kipruto akasema haraka. "Hawezi kushika kalamu. Mnaona wenyewe."

"Ni kweli, mama?" afisa akauliza. "Kama huwezi, uniambie tu jina. Mimi nitaweka alama."

"Aseme kwa sauti," Kipruto akasema. "Ndiyo sheria."

Watu waliokuwa mlangoni walinyoosha shingo. Jasho lilikuwa linamtoka Chepchumba kwenye paji la uso, asubuhi ile ya baridi. Alinyoosha mkono wa kushoto, uliopasuka na kuwa mweusi kwa utomvu wa chai, akaufungua mbele ya afisa.

"Nipe karatasi zangu," akasema.

Afisa alisita. Alimtazama Kipruto, akatazama dirishani ambako fimbo zilionekana, na mtu angeweza kuona akihesabu umbali wa kwenda kwao. Kisha akampa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, pamoja na kalamu.

Chepchumba alikwenda nyuma ya pazia la gunia. Alikaa humo muda mrefu. Tulisikia kalamu ikianguka, tukamsikia akiinama kuitafuta, akiguna. Alipotoka, karatasi zilikuwa zimekunjwa vibaya na moja ilikuwa na doa la damu, maana nyufa za vidole zilikuwa zimefunguka. Akazitumbukiza, kila moja kwenye sanduku lake.

Kipruto alimfuata nje.

"Ulimpa nani?"

Aliendelea kutembea.

"Mama! Nakuuliza, ulimpa nani?" Sauti yake ilikuwa imepanda. Akawageukia vijana wa langoni. "Mshikeni huyo! Nimesema mshikeni!"

Walikuwa sita. Walikuwa na fimbo. Walimtazama Kipruto, wakatazama chini, na yule aliyetupa rungu siku ya Jamhuri akafungua lango ili Chepchumba apite. "Pita, Kogo," akasema.

Kipruto alimkimbilia, akamshika bega, akamgeuza. Alikuwa na machozi. "Ulimpa nani? Niambie mimi tu. Wananiuliza mimi! Nyumba yetu ndiyo inaulizwa!"

"Nilimpa niliyemtaka," Chepchumba akasema.

Kipruto alimpiga kofi. Mwanamke yule mfupi aliyumba, akashika nguzo ya lango, akasimama wima. Alimpiga tena, na damu ikamtoka puani ikadondokea kwenye plasta nyeupe. Alingoja apigwe mara ya tatu. Alipoona hapigwi, alijifuta kwa leso na kushika njia ya nyumbani, kwa sababu ng'ombe hawakuwa wamekamuliwa.

Chama cha serikali kilishinda kwetu, kama kila mtu alivyojua kitashinda. Masanduku yalipelekwa mbali yakamwagwa pamoja na mengine, na hakuna aliyeweza kusema karatasi ipi ilitoka kwa nani. Nimelifikiria hili mara nyingi. Inawezekana kabisa kwamba Chepchumba aliwapigia kura walewale waliotaka awapigie. Alikuwa na sababu zake za kuwapenda baadhi yao. Diwani mmoja wa chama alikuwa amewaletea maji. Inawezekana walimvunja mkono kwa ajili ya kura ambayo tayari ilikuwa yao.

Mwezi Januari, barabara ilipotulia kidogo, alibeba kibuyu cha maziwa akaenda hadi soko la Chepilat. Watu walimwambia asiende, yeye Mkipsigis, siku zile. Alikwenda. Alimkuta Mellen akiuza ndizi, amenyoa kichwa kwa sababu ya msiba.

Walikaa kwenye kreti moja. Mellen aliushika mkono wa kulia wa Chepchumba, uliokuwa umetolewa plasta wiki hiyo, akavitazama vidole vilivyoungana kwa kupinda.

"Ni mimi nilitaja jina lako," Chepchumba akasema.

"Najua. Nilikuwa uwanjani. Nilisikia." Mellen alivipapasa vidole vile. "Nilifurahi ulivyonitaja. Hiyo ndiyo siwezi kujisamehe."

Mteja alikuja, akanunua, akaenda.

"Ulipiga?" Mellen akauliza.

"Nilipiga. Kwa kushoto."

"Ulimpa nani?"

Chepchumba aliangalia ndizi.

"Mama Chepchumba, nakuuliza. Mume wangu amelala chini. Nyumba yangu ni jivu. Uliwapa hao watu, ama hukuwapa?"

"Mwalimu, siwezi kusema."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Nikikwambia wewe, nitakuwa nimeitamka."

Mellen aliuachia ule mkono. Alisimama, akaenda upande wa pili wa meza yake, akaanza kupanga ndizi zilizokuwa zimeshapangwa, akiwa amempa mgongo. Alikuwa akilia, na alipohudumia wateja aliwahudumia akilia. Chepchumba hakuondoka. Alikaa kwenye kreti mpaka soko likaanza kutawanyika, kisha akaweka kibuyu juu ya meza na kurudi kwa miguu.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata. Mellen alimwuliza kila alipokwenda. Hakujibiwa hata mara moja. Lakini kibuyu alikipokea, na cha wiki iliyopita akakirudisha kikiwa kimeoshwa.